Fahali wa Shemeji

Daktari wa mifugo alishindwa kukaa kitini asubuhi ile. Alinawa mikono, akarudi kwenye mashine ya maabara, akaenda kunawa tena. Mkojo wa fahali watatu wa shemeji yake ulikuwa umeonyesha dawa ya kunenepesha, ile iliyopigwa marufuku.

"Rudia," alimwambia mpimaji.

"Nimesharudia, Daktari. Ni ile ile."

Akatoka mpaka banda la machinjio. Fahali walikuwa bado hai, mapaja yamefura kama magunia, mmoja akitetemeka miguu. Shemeji aliegemea uzio.

"Mbona unahangaika kama kuku anayetaka kutaga?"

"Umewapa nini hawa?"

"Majani, pumba, na vitamini kidogo. Muuzaji aliniambia ni vitamini. Mimi ningejuaje?"

Daktari alitaka kumwamini. Huyu ndiye mume wa dada aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Lakini sheria ilimtaka akakague zizi, wakaenda pamoja.

Dada alimpokea kwa furaha, mwiko mkononi. Daktari alishindwa hata kumaliza salamu. Akazunguka zizi kubwa, kisha nyuma ya jiko, akakuta kijizizi chenye ndama wawili wembamba.

"Na hawa?"

"Hao ni kitoweo chetu," dada alisema bila wasiwasi. "Mume wangu hataki tule wale wengine. Eti nyama yao haifai watoto."

Daktari akamgeukia shemeji.

"Kumbe ulijua," daktari alisema.

"Shemeji, haya si tuyamalize humu humu ndani? Mimi si mtu baki."

"Na wanaokula hiyo nyama, watoto wao si watoto?"

Akatoa simu, akaagiza fahali wasichinjwe na zizi lifungwe. Shemeji akaondoka bila kuaga.

Dada akaingia chumbani, akatoka na boksi la vichupa vya sindano, akamtupia mdogo wake miguuni.

"Nilikuwa nafagia chini ya kitanda, naviona kila siku. Chukua. Ila usije hapa kwanza, mdogo wangu. Sijui nitakutazamaje."

Daktari alipakia boksi garini. Alipofika njia kuu alisimama, akashuka, akalizunguka gari, akapanda, akashuka tena. Kurudi kwa dada hakuweza. Mwishowe akaendesha hadi maabara, akamkabidhi mpimaji boksi, akaenda kunawa mikono.