Mtaa Anaokaa Mkuu wa Barabara

Katika jiji la Port Halvard, mgeni aliyetaka kujua mkuu wa idara ya barabara anakaa wapi hakuwa na haja ya kuuliza. Angesubiri tu dhoruba ya theluji ipite, azunguke jiji siku ya tatu, na mtaa atakaoukuta bado mweupe, magari yamefukiwa hadi kwenye vioo, ndio huohuo. Mtaa wa Tamarack, nyumba ya nne kushoto, yenye kibaraza cha kijani.

Arvid Kallio hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa mwaminifu, na uaminifu wake ulikuwa umewatesa watu wa Tamarack kwa miaka kumi na moja. Mkuu aliyemtangulia alifukuzwa kazi kwa sababu lori la jiji lilionekana likisafisha ua wa shemeji yake kabla ya barabara ya hospitali, na picha ikatoka gazetini ukurasa wa kwanza. Siku Arvid alipokabidhiwa ofisi, kabla hata ya kukalia kiti, aliichukua orodha ya zamu za mitaa kusafishwa, akaufuta mtaa wake kwenye nafasi ya themanini na nane, akauandika chini kabisa, pembezoni mwa karatasi, kwa penseli: Tamarack, baada ya yote. Kisha akaenda kunywa kahawa, roho yake imetulia.

Majirani walilalamika, kwanza kwa adabu, baadaye bila adabu. Mwaka wa sita walimpelekea diwani barua iliyosainiwa na nyumba zote kumi za mtaa, ikiwemo ya Arvid, maana mkewe Marlys naye alitia sahihi. Hawakuomba mtaa usafishwe. Waliomba Arvid ahame. Diwani alijibu kwamba jiji halina mamlaka ya kumtoa mtu kwenye nyumba aliyoinunua mwenyewe, ila hoja yao imepokelewa na inapewa uzito unaostahili. Tangu mwaka ule Marlys alikuwa akienda kwa dada yake Arizona kila Novemba na kurudi theluji ikishayeyuka.

Mwaka huu watabiri wa hali ya hewa walisema dhoruba itaingia Jumatano usiku. Jiji likajiandaa kwa Jumatano usiku. Chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani ikarundikwa boharini, malori kumi na manne yakafungwa mbele mabamba ya chuma ya kusukumia theluji, wakazi wakatangaziwa waondoe magari barabarani ifikapo Jumatano saa sita mchana, na ukumbi wa chini wa kanisa moja ukapangwa vitanda kwa watakaokosa umeme. Arvid alikagua kila kitu mara mbili akaridhika. Dhoruba ikaja Jumanne wakati wa chakula cha jioni, ikitokea ziwani, na kufikia alfajiri ilikuwa imemwaga theluji futi mbili na nusu juu ya magari ambayo, kwa mujibu wa tangazo, yalikuwa bado na haki ya kuwepo pale.

Jumatano hiyo saa tatu na dakika ishirini asubuhi, simu ya Arvid ililia katika chumba cha uendeshaji. Alikuwa Bi Lorna Treloar, jirani yake wa nyumba ya mkabala, mwenye miaka themanini na mmoja na nyonga ya bandia.

"Arvid."

"Bi Lorna. Habari za asubuhi?"

"Habari unazo wewe, mimi nina theluji. Saa sita nakwenda kumlisha Emmet."

"Nakuelewa."

"Sijapiga simu unielewe. Mtaa unasafishwa saa ngapi?"

Arvid aliitazama orodha ukutani, ingawa alikuwa anaijua kwa moyo. "Kesho. Kesho jioni, Mungu akijalia."

 Arvid alijua kwa nini kesho haitoshi. Emmet, mume wa Bi Lorna, alipigwa na kiharusi miaka mitatu nyuma, na tangu hapo alikuwa katika nyumba ya wazee ya Wheelock Hill, upande wa pili wa jiji. Hakuwa akisema. Chakula cha maana alikuwa akila kimoja tu kwa siku, cha mchana, na alikuwa akikila kutoka mkono wa mkewe. Wauguzi walipojaribu, alifunga mdomo. Jumatatu daktari alikuwa amempima uzito, akasema mzee amekwisha, akipitisha siku nyingine bila kula itabidi awekwe mpira wa chakula puani. Na Emmet, zamani alipokuwa na sauti, alikuwa amesema mbele ya mtaa mzima kwamba mpira huo hautaki, heri wamwache afe. Kila dhoruba ilipotangazwa, Bi Lorna alikuwa akitangulia saa chache na kulala kwenye kiti kando ya kitanda cha mumewe. Safari hii mkoba wake ulikuwa tayari, kwa ajili ya Jumatano.

"Arvid," alisema Bi Lorna, "mkeo anakukimbia kila mwaka. Mimi sijakukimbia. Ulipovunjika mguu, nani alikuletea pai za nyama?"

"Wewe, Bi Lorna."

"Basi leo tu."

"Nikipeleka lori mtaani kwangu leo, kesho mimi ndiye yule wa gazetini."

"Sawa. Wewe utakuwa gazetini, mume wangu atakuwa na mpira puani. Tuone nani atapendeza zaidi." Akakata simu.

Arvid hakukaa bure. Aliwapigia watu wa ambulensi, wakamwambia kwamba kula si dharura. Akawapigia zimamoto, ambao walikuwa na gari maalumu la kupita kwenye theluji, wakamwambia limekwama kwenye theluji. Akawapigia Wheelock Hill kuuliza kama chakula cha mchana kinaweza kusogezwa mbele hadi Alhamisi jioni. Mhudumu akamwomba arudie swali, na Arvid akaona aibu kulirudia.

Denise Brusseau, mwongoza malori, alikuwa ameketi kwenye kiti kilekile mbele ya redio ya upepo kwa miaka ishirini na sita, na masikio yake hayakuwa na likizo.

"Mkuu, tuko nambari ngapi sasa hivi?"

"Themanini na tano."

"Na themanini na nane ni mtaa gani?"

"Spruce."

"Spruce ulikuwa themanini na tisa kabla hujaanza utakatifu wako."

"Denise, watu wataniona ninajipendelea."

"Watu gani? Watu wanakuona mwendawazimu. Kila mtaa una zamu yake, na Tamarack ulikuwa na ya kwake. Uliiondoa wewe, hukuwauliza wenyewe. Sasa bibi wa watu hawezi kumlisha mumewe kwa sababu wewe unataka usemwe vizuri."

Maneno hayo yalimchoma Arvid kweli. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akijiona mtu anayejinyima. Sasa aliona kwamba yeye alikuwa akiondoka nyumbani alfajiri na gari la jiji lenye magurudumu makubwa, akilala ofisini dhoruba nzima, na waliokuwa wakinyimwa walikuwa wale waliobaki. Aliinuka, akaitazama orodha tena.

"Urudishe," alisema. "Themanini na nane."

Denise hakungoja abadilishe mawazo. "Lori la tisa, ukimaliza Birch ingia Tamarack."

Lori la tisa lilikuwa la Pakou Vang, dereva aliyeajiriwa Oktoba kutoka mji mwingine, mwanamke mwenye watoto wanne na subira ya kuwatosha. "Niingie wapi?"

"Tamarack."

"Denise, dada yangu, kwenye ramani yangu hakuna Tamarack."

Ilichukua dakika mbili kuelewa. Kiangazi kilichopita jiji lilikuwa limeziweka njia zote za malori kwenye vishikwambi vya madereva, na aliyenakili orodha alinakili kilichopigwa chapa. Kilichoandikwa pembezoni kwa penseli alikiacha. Dereva mzee aliyekuwa akiusafisha mtaa ule kwa kumbukumbu alikuwa amestaafu, na theluji mbili za mwanzo wa msimu zilikuwa nyepesi, zikayeyuka zenyewe bila mtu kugundua. Kwa mujibu wa jiji la Port Halvard, Arvid Kallio alikuwa anakaa mahali pasipokuwepo. Hata hiyo kesho jioni aliyomwahidi Bi Lorna haikuwepo.

Denise akamsogezea kipaza sauti. "Mtaa wako. Elekeza mwenyewe."

Hapo ndipo palipokuwa na taabu. Siku ya dhoruba watu wa Port Halvard hawatazami televisheni, wanasikiliza malori. Karibu kila jiko lina kiredio cha kunasa mawasiliano, kimewekwa kando ya birika, na wazee hukaa nacho tangu asubuhi wakibishana lori gani limekwama wapi na dereva gani hajui kupinda. Diwani Deschaine, daktari wa meno mstaafu, alikuwa akisikiliza huku akiandika daftarini saa na dakika. Arvid alilijua daftari lile. Alibonyeza kitufe.

"Lori la tisa, uko wapi?"

"Mwisho wa Birch, bosi. Kwenye kanisa la Walutheri."

"Lenye mnara au lisilo na mnara?"

"Kwa theluji hii siwezi kuapa."

"Mbele utaona duka la chambo. Ukilipita, kata kushoto."

"Kushoto naona ukuta mweupe tu."

"Huo ndio mtaa."

Injini ikasikika ikiguna. "Upana wake je? Nisije nikaingia sebuleni kwa mtu."

"Futi ishirini na nne. Fuata masanduku ya barua ya kulia. Upande wa kushoto kuna kibaraza cha kijani. Ukikifikia jihadhari, kuna bomba la zimamoto limefukiwa mbele yake."

"Unalijua vizuri bomba hilo."

"Nalijua."

"Kibaraza cha nani hicho, bosi? Maana theluji lazima niisukumie mahali, na nisingependa kugombana na mwenye nyumba."

Arvid alishika kitufe. Katika majiko yote ya Port Halvard vijiko vilisimama vikombeni. Denise aliangalia dari.

"Changu," alisema Arvid. "Mimi ndiye mwenye nyumba."

Redio ikakoroma kidogo. "Sawa, bosi."

"Theluji yote ya mtaa isukumie kwangu. Ua wangu usiusafishe. Nyumba ya mkabala uiachie njia, gari litoke."

"Yote kwako?"

"Yote."

Kwa dakika ishirini hakukuwa na jambo ila kelele ya chuma. Kisha Pakou akarudi hewani. "Bosi, kuna bibi amesimama katikati ya barabara ananionyeshea ufagio. Anasema nimechelewa miaka kumi na moja. Mimi nimeajiriwa Oktoba."

"Mwombe radhi."

"Nimeshaomba. Anasema gari lake linanguruma tangu saa tatu, nimtangulie."

"Mtangulie hadi barabara kuu. Kutoka hapo pako wazi."

Ilikuwa saa tano na dakika arobaini na tano. Hadi Wheelock Hill, kwa mwendo wa mzee kwenye theluji, ni nusu saa. Arvid alipiga hesabu hiyo mara tatu na kila mara jibu likawa lilelile.

Simu zikaanza. Diwani Deschaine alisema, "Kallio, nimesikia," na Arvid akasema, "Najua," na diwani akasema ameandika saa na dakika, na Arvid akasema afadhali. Mwandishi wa gazeti alitaka kwenda kuipiga picha nyumba ya Arvid. Denise akamjibu kwamba ruksa, ila haionekani. Mtu asiyejitaja jina alipiga kuuliza kama ni kweli Tamarack umesafishwa, alipohakikishiwa akashusha pumzi, akasema anakaa hapo, na ameshaona kwa macho yake, alitaka tu kusikia mtu mwingine akisema. Arvid aliyasikia yote hayo huku jicho lake liko kwenye saa ya ukutani. Saa sita ikapita. Saa sita na nusu ikapita. Mitaa tisini na sita ikasafishwa.

Saa saba Bi Lorna alipiga.

"Amekula," alisema.

Arvid alikaa chini. "Nashukuru sana, Bi Lorna. Nashukuru mno."

"Alikuwa ameshakula nilipofika."

"Ameshakula?"

"Nilichelewa robo saa. Kuna binti wa jikoni, hata si muuguzi, ameanza kazi juzi. Hakuna aliyemwambia kwamba Emmet halishwi na mtu mwingine. Kapita na trei, kamwekea kijiko mdomoni, mzee akala. Supu yote. Viazi vyote. Akamshika binti mkono aongezewe." Sauti yake ilikuwa kavu, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. "Miaka mitatu, Arvid. Sikwenda kwenye harusi ya mjukuu wangu. Niliwaambia wote, mimi nisipokuwepo Emmet hali."

 Mwongozo wa idara ulikuwa na kurasa mia nne, na hakuna hata moja iliyomsaidia Arvid hapo. "Labda leo njaa ilimzidi."

"Labda."

"Alifurahi kukuona lakini?"

"Alikuwa amelala. Mtu akishiba analala."

Arvid alikuwa na mitaa mia moja na kumi na minane iliyobaki. Hakukata simu. Denise aligeuza kiti chake upande wa dirisha na, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita, akajifanya hasikii.

"Kesho utakwenda?" aliuliza Arvid hatimaye.

"Nitakwenda."

"Saa sita?"

"Wakati wowote tu. Nitakaa naye." "Miaka mitatu nimekuwa nikitazama kijiko, Arvid. Uso wake sijautazama. Leo nimeutazama alivyolala, na amezeeka kweli, na mimi sikujua."

Arvid akamwambia kwamba kesho barabara ya Wheelock Hill itakuwa imemwagwa chumvi kabla ya saa nne.