Mayala Ainywe Mwenyewe

Mwahija hakwenda mnada wa Runzewe kununua kitu. Alitoka Kambarage na basi la asubuhi, eda ameshaimaliza, na kwenye mkoba amebeba chupa moja tu: mabaki ya dawa iliyomuua mumewe. Alitaka Mayala, aliyeiuza, ainywe mbele za watu, naye asimame pale amwone anavyotetemeka. Mengine atajua Mungu.

Mumewe, Yasini, alikuwa mchimba dhahabu, na mgongo ulimtesa. Mayala akamuuzia dawa ya mizizi. Macho yalipogeuka manjano, Yasini akampigia simu, na lile jitu likajibu bila haya, "Hiyo ni sumu inatoka. Ongeza kikombe." Akaongeza! Mtu mzima na akili zake akaongeza, na mkewe ndiye aliyempashia moto. Hospitali daktari akauliza kama ametumia dawa za kienyeji. Kwa aibu wakaapa wote wawili kwamba hapana. Chupa ilipokuja kuonyeshwa, ini lilikuwa limekwisha.

"Angeacha pale macho yalipoanza kubadilika," daktari alisema, "huenda angepona." Maneno hayo Mwahija alilala nayo, akaamka nayo.

Mnadani hakuhangaika kumtafuta. Mayala huyo, miwani myeusi usoni, spika mkononi, watu wamemzunguka.

"Mwangaluka, mama! Karibu!"

"Salamu zako kaa nazo. Mimi mjane wa Yasini. Kama hii ni dawa, kunywa!"

Watu wakasogea. Mwahija akangoja kuona tapeli akitafuta pa kukimbilia. Lo! Mayala akaipokea chupa, akaigida yote, kisha akainua miwani kidogo afute jasho. Mwahija alikuwa karibu. Akayaona macho, manjano kama binzari.

Kumbe mpumbavu huyu anaiamini! Anakunywa kila siku! Furaha ikampanda Mwahija mpaka akajiogopa. Mchimba kisima kaingia mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kunyamaza tu na kurudi nyumbani.

Akageuka aondoke. Nyuma yake spika ikapaza, "Mmeona? Mjane kaniletea mwenyewe, nimeimaliza! Dawa haina madhara!" Watu wakaanza kugombania chupa. Mwanamke mjamzito akapenya mbele, akachukua mbili.

Mwahija akasimama. Ee Mola, ndiyo nini sasa? Hawa watu angeweza kuwazuia kwa njia moja tu, na njia hiyo ingemponya na yule mbwa.

Akarudi mbio, akampokonya miwani.

"Mtazameni macho! Ya mume wangu yalianza hivihivi, mpaka tukamzika!" Akamgeukia Mayala. "Na mkojo wako je? Si kama chai ya rangi? Mwili si unakuwasha?"

Mayala akashusha spika taratibu mpaka ikagusa paja. Mjamzito akazirudisha chupa mezani, na wengine wakafuata.

"Mama," Mayala akanong'ona, mkono umeshika ubavu wa kulia. "Mimi nitapona?"

Mwahija angetoa chochote ili aweze kusema hapana.

"Huenda," alisema, machozi ya hasira yakimtiririka. "Ukiacha leo. Nenda hospitali sasa hivi. Na daktari akikuuliza umekunywa nini, mshenzi wewe, sema kweli."