Chini ya Rangi ya Mkwe

Katika karakana yetu ya wasanii, Mama Pamba ndiye mtu tuliyemwogopa sote. Kazi yake ni kuponya picha: zilizopasuka, zilizolowa, zilizokaa jikoni kwa watu mpaka zikawa nyeusi kwa moshi. Jina tulimpa sisi, kwa sababu mkononi hakosi kijiti chenye pamba. Mimi ni mfinyanzi na meza zetu zinapakana, kwa hiyo ugomvi wetu ulikuwa wa kila siku.

"Tope lako litaniua," husema.

"Na hizo dawa zako zinazonichoma pua nani kakulalamikia?"

Alikuwa na sheria moja, na aliirudia hadi ikatutoka masikioni: picha ina mwenyewe, usiongeze la kwako.

Mwaka huu kikundi kiliamua maonyesho yetu yafunguliwe kwa picha ya marehemu binti yake. Binti alijichora kwa kujitazama kwenye kioo, muda mfupi kabla hajaugua. Akichora alikuwa na tabia ya kuuma pembe ya mdomo, na ndivyo alivyojichora, mdomo umekwenda upande kidogo. Picha za simu ziko tele, lakini katika hizo anatabasamu kama watu wote. Kazi zake nyingine ziliuzwa zikatawanyika. Hii ilibaki kwa mumewe, Mabango, mchora vibao vya maduka, na miaka yote hiyo Mama Pamba hakuthubutu kwenda kuitazama.

Mabango aliileta imefungwa kwa shuka. Mama mkwe wake aliiweka dirishani, akaitazama weee. Kisha akaimulika tochi kutoka ubavuni, kama anavyozikagua zote.

"Nani kagusa hapa mdomoni?"

"Ni mimi, mama," Mabango akasema. Hakuwa mtu wa kujificha. "Mwaka ule wa kwanza baada ya msiba paa lilivuja pale ilipotundikwa juu ya kitanda. Rangi ya mdomo ikabambuka, ikawa unga kitandani. Nikauchora palepale nisije nikausahau."

"Ukachora juu ya mkono wa mwanangu?"

"Palikuwa patupu, mama."

"Patupu! Mtu wa kuandika 'Saruji Ipo' ndiye wa kunifundisha mimi patupu?"

Mabango aliinamisha kichwa, akaomba radhi, akaondoka. Nilimwonea huruma.

"Dada, uache huo mdomo," nikamwambia Mama Pamba. "Mbona unafanana naye kabisa?"

"Huu ni wa Mabango. Mimi namtaka mwanangu."

Nami ni mzazi. Nilirudi kwenye udongo wangu.

Kesho yake alianza pembeni ya kidevu, mahali padogo pa kujaribia. Rangi ya mkwe ilitoka kwenye pamba, na chini yake ikaonekana nyingine, ya kahawia, yenye mistari myembamba ya brashi.

"Njoo uone! Yupo! Si nilisema?"

Alicheka. Tangu mazishi sikuwahi kumsikia akicheka vile. Niliacha chungu kikizunguka, nikaenda kuangalia, na kweli, ulikuwa mkono wa yule binti. Kwa hiyo asije mtu akasema hasira zilimpofusha. Hata mimi niliamini.

Akapanda mdomoni. Pamba ikawa nyekundu, akaitupa, akachukua nyingine. Alikuwa anaimba kwa puani. Baadaye nikagundua haimbi tena. Nikangoja anitukane kuhusu vumbi, wapi.

Nilipoinua macho, chini ya pua palikuwa peupe, kitambaa na chokaa inayopakwa kabla ya rangi, basi. Bado alikuwa anapapasa pale polepole kwa pamba mpya, na pamba ilikuwa inatoka safi.

"Palikuwa patupu," akasema. "Aliniambia."

Nilimpigia simu Mabango. Alikuja na suruali ya kazi, ina rangi mpaka magotini. Aliona, wala hakufoka. Laiti angefoka, pengine ingekuwa nafuu. Mama Pamba aliinuka, akampisha kwenye kiti chake ambacho sisi wengine hatukuruhusiwa hata kukiegemea, akampa brashi kwa mikono miwili.

"Baba, nirudishie. Chora kama ulivyochora siku ile."

Mabango alikaa. Alichora, akatikisa kichwa, akafuta. Akatoa simu, akazitazama zile picha za kutabasamu, akachora tena.

"Siyo huu," akasema, akafuta.

Safari ya tatu brashi haikufika hata kwenye picha. Aliiweka mezani.

"Mama, siku ile bado nilikuwa namwona. Nikifumba macho tu, yupo. Baadaye akaanza kupotea, nikawa nautazama huo niliouchora ndiyo namkumbuka." Alijipangusa uso kwa mkono wenye rangi. "Sasa na huo haupo. Nisamehe, siwezi."

Mama Pamba alimwekea mkono begani mkwewe. Nilidhani anataka kumfariji.

"Mimi nilimzaa," akasema. "Nimekaa hapa tangu asubuhi najaribu kuuona ule mdomo wake. Na mimi siukumbuki."