Nguzo ya Lango la Nne

Kila asubuhi Peres alifuta nguzo ya Lango la Nne kabla ya viti, maana mumewe alikuwa ndani yake. Jackton alitumbukia humo wakati ukumbi mpya wa michezo na matamasha ulipokuwa ukijengwa karibu na Dagoretti Corner. Simiti ikaendelea kumwagwa, kwani simiti haingoji mtu. Kampuni ya ujenzi ilishikilia kwamba ametoroka kazi. Jackton mwenyewe alikana uongo huo humohumo ndani ya nguzo, na meneja wa ukumbi, Wachira, alimsikia vizuri sana.

"Niaje, Jackton," Wachira alimsalimia akipita na chai yake. Kisha akamgeukia Peres. "Mama, nikivunja hii, paa litaangukia watoto wa watu."

Hakuwa mtu mbaya. Shida ni kwamba hilo la paa lilikuwa kweli.

Peres alitaka jambo moja tu: mumewe alale nyumbani Alego, kando ya kaburi la mamake. Shemeji yake Oduor akaleta shauri la wazee. Mtu akifa na mwili usipatikane, Wajaluo huzika tunda la yago badala yake, naye marehemu hutulia. Basi wakalilaza yago kwenye jeneza, ng'ombe akachinjwa, na Peres akalia mpaka sauti ikamkauka.

Aliporudi kazini, nguzo ilikuwa na joto kama kawaida.

"Mama Ivyne, ulipotelea wapi?"

"Nilienda kukuzika."

"Watu walikuja?"

"Wengi. Hata wale mliokosana nao."

Jackton alifurahi kidogo. "Na mlizika nini?"

"Yago."

"Lo! Yago ni la mtu asiyejulikana alipo. Mimi si unajua nilipo? Unanipangusa kila siku."

Peres akaketi sakafuni na kitambaa chake. Salaale, wazee wote wale, na hakuna aliyelifikiria hilo! Aliona upweke kuliko hata siku ya matanga.

Jioni hiyo kulikuwa na tamasha, na wafagiaji hutolewa nje kabla ya wageni kuingia.

"Nani anaimba leo?" Jackton aliuliza.

"Sijui. Ni vijana tu."

"Kaa kidogo basi."

"Hawaturuhusu, Baba Ivyne."

Alipofika steji ya matatu alisikia umati ukishangilia, na chini ya kelele hizo sauti moja ikiita Mama Ivyne, Mama Ivyne. Paa halikutikisika hata kidogo.