Hedi ya Gari Lililofunikwa Turubai

Jumanne, saa moja asubuhi, oili iliyotoka kwenye gari la Noreen ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia kwenye injini. Clifton, fundi wa kijiji, aliifungua hedi, kile kifuniko kizito cha chuma kinachokaa juu ya silinda, akaiosha kwa dizeli. Ufa ulionekana kwa macho. Ulianzia kwenye kiti cha valvu ukaishia kwenye njia ya maji.

"Chomelea tu," alisema Leroy, shemeji yake, aliyekuwa amekalia tairi akinywa chai.

"Kama ulivyochomelea kile kitanda chako?"

"Kilidumu misimu miwili ya mvua, shemeji."

"Kwa sababu waliokilalia ni mbwa."

Chuma cha kusubu kikichomelewa bila tanuri hupasuka tena pembeni mwa kiungo, mara kikipata moto. Clifton hakuwa na tanuri. Hedi mpya isingefika wiki hiyo. Barabara ya kusini, inakotoka mizigo ya vipuri, ilikuwa chini ya maji. Magari mengine ya kijiji yalikuwa yamekwenda mbali kwenye mechi ya mpira. Noreen, ambaye figo zake hazifanyi kazi, alitakiwa kufika Alice Springs, mji wa kati mwa Australia, Alhamisi kwenye mashine ya kusafisha damu. Zamu moja alikuwa ameikosa kwa ajili ya msiba wa mdogo wake. Daktari alimwambia asikose ya pili.

Nyuma ya gereji, chini ya turubai, lilikuwapo gari la aina ileile. Lilikuwa la huyo mdogo wake. Kwa desturi ya msiba jina lake halikutajwa tena, nyumba yake ilikuwa tupu, na gari lilingoja kupelekwa kwa ndugu wa magharibi, lisionekane tena hapa.

Clifton hakuligusa. Alimwuliza Noreen.

"Chomelea," alisema Noreen.

"Itapasuka njiani, shangazi. Kule hakuna hata kisima."

"Ipasuke. Sitaki kitu chake kilale uani kwangu, nikione kila nikiamka."

Hata hivyo alikwenda kwenye kambi ya wanawake waliofiwa, kwa Maudie, mjane. Maudie hakuwa akisema. Mjane hunena kwa mikono mpaka msiba uishe. Clifton na Leroy walisimama mbali. Mikono ya Maudie ilikwenda kwa muda mrefu.

"Anasema nini?" Leroy alinong'ona.

"Ukinyamaza huenda tukajua."

Noreen alirudi.

"Anasema gari lilikuwa liondoke, na kuondoka ni kuondoka, liwe zima au vipande. Hedi iende mjini nami. Mpya ikifika, hii ibaki hukohuko."

"Na wewe, shangazi?"

"Hebu nione huo ufa."

Alipitisha ukucha juu ya chuma. Ukucha ulinasa. Akaurudisha mara ya pili, ukanasa palepale.

"Washeni moto," alisema.

Walikata matawi mabichi, wakayaweka juu ya makaa, wakalisukuma gari la marehemu katikati ya moshi, limtoke mwenyewe ndipo liguswe. Noreen alitangulia. Baadaye Clifton alilegeza bolti kuanzia pembeni kwenda katikati, akaitoa hedi, akaipima kwa rula ya chuma. Ilikuwa imenyooka, haina ufa. Gasketi mpya, ile ya kuziba kati ya hedi na injini, ilikuwapo kwenye rafu.

Jumatano jioni injini ya Noreen iliwaka. Clifton aliiacha ingurume mpaka rejeta ikapata moto, kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili. Ilikuwa safi, haina maji.

"Kesho unaendesha wewe," alimwambia Leroy.

"Mimi? Si ulisema kazi yangu ni ya mbwa?"

"Mshale wa joto ukipita katikati, simama. Usijifanye fundi."

"Na nikisimama, nifanye nini?"

"Umsikilize shangazi."

Waliondoka Alhamisi alfajiri. Mchana simu ya gereji ililia. Alikuwa muuguzi wa mjini: Noreen yuko kwenye mashine.