Baiskeli Inayokata Kinyume

Mchana huu Mayunga amekula ugali kwa kijiko. Nkwimba amemcheka mpaka mlenda umempalia, maana tangu azaliwe hajawahi kumwona kaka yake akila ugali kwa chuma kama mgeni wa serikali, na Mayunga amejibu tu kwamba amejikata kidole, akaushusha chini ya meza ule mkono uliofungwa kitambaa. Saa kumi kuna kikao cha ukoo. Baba yao mdogo anaitaka nyumba ya marehemu mama yao, nyumba hii hii anamoishi Nkwimba, alimomuuguza mama miaka minne, na mtu pekee, mbali na Nkwimba mwenyewe, aliyemsikia mama akisema nyumba ni ya Nkwimba ni huyu Mayunga. Usiwe na wasiwasi mdogo wangu, amesema akiinuka, nimekushika. Neno lilelile la utotoni, alipokuwa akimfundisha baiskeli, yeye nyuma ameshika karia, nimekushika, nimekushika, hadi Nkwimba alipogeuka akamwona kaka yuko mbali, mikono mfukoni, anacheka, naye akatumbukia kwenye ua wa minyaa. Alimsamehe siku hiyohiyo. Nani anayejua baiskeli ambaye hakudanganywa na mwalimu wake? Basi amejinyoosha mkekani apumzishe mgongo kidogo, joto la bati linamlemea, kope zinashuka, na mkeka unaanza kusogea.

Mkeka unasogea, unakuwa barabara. Barabara nyeupe isiyo na vumbi, inazaa nyingine, na hiyo inazaa nyingine, na zote zinaingia kwenye mji ambao Nkwimba anaujua na haujui. Ni mji wao, ila umegeuzwa kama unavyoonekana kwenye kioo: bomba la maji lililokuwa kushoto liko kulia, maandishi ya dukani yanasomeka kuanzia mwisho, watu wakikutana wanaambiana kwaheri na wakiachana wanapiga hodi. Katikati ya njia amesimama mtu asiye na uso. Hajaufunika, hana tu, pale pa uso ni laini kama sahani. Mkono mmoja umeshika baiskeli, mwingine umefungwa kitambaa, na Nkwimba, kwa ule ujinga wa ndotoni wa kuona kila kitu bila kutambua chochote, hajiulizi. Anauliza tu, nyumba ya mama iko wapi? Iko mbele yako, anasema yule mtu, ndiyo maana hutaifikia. Jamani, mimi sina muda wa mafumbo, saa kumi nina kikao. Basi panda, anasema mtu, ila ujue, hii ukiiambia kulia inasikia kushoto.

Nkwimba anapanda kwa dharau, yeye ambaye amebeba madumu ya maji kwa baiskeli miaka ishirini. Anakata kulia, baiskeli inakwenda kushoto, anaangukia goti. Anapanda tena, anajikumbusha, kulia ni kushoto, kushoto ni kulia, kichwa kinaelewa kabisa lakini mikono haitaki kusikia, inakata ilivyozoea, na anaanguka tena, goti lilelile. Nyumba anaiona kule mwisho wa barabara, mlango wake wa kijani, stuli ya mama barazani, na kila anapoielekea baiskeli inaikimbia. Akina mama wa bombani wanamtazama wakimwambia kwaheri kwa upole. Jua halisogei, ila siku zinapita, anazijua kwa idadi ya makovu. Nifanyeje, anamuuliza yule mtu, na sasa analia, na haoni haya kulia. Ikatae nyumba, nayo itakuja. Nitaikataaje na ndiyo ninayoitaka? Mtu anashika karia kwa nyuma. Nimekushika, anasema. Na Nkwimba, mtu mzima na akili zake, anaamini tena. Anakanyaga pedali, anaacha kufikiri, mikono inalegea, na ghafla baiskeli inanyooka. Anaielekeza mbali na nyumba, nyumba inakuja. Anaelekeza mbali zaidi, inakuja mbio. Nimeweza, anapiga kelele, umeona, nimeweza! Nimekushika, inasema sauti, lakini haitoki nyuma, inatoka mbele. Yule mtu yuko mlangoni pa mama. Amefungua kitambaa. Kidole gumba chake ni cha bluu, bluu ya wino, na anakikandamiza juu ya mlango wa kijani, taratibu, kama mtu anayeziba tundu, na mlango unayeyuka, unakuwa ukuta. Nkwimba anafunga breki, anataka kurudi alikotoka, na barabara imerudi kuwa ya kawaida, na baiskeli imerudi kuwa ya kawaida, lakini mikono yake sasa inajua kinyume tu, anayumba, anaanguka. Mbona hukuniambia, anauliza akiwa chini, mbona hukuniambia kwamba nikijifunza hii nitaisahau ile? Hukuniuliza, anasema mtu, na pale pa uso panaanza kutokea pua, pua ya kwao.

Nkwimba, amka, saa tisa na nusu hii. Mayunga amesimama mlangoni. Alama za mkeka ziko shavuni mwa Nkwimba, goti linamuuma, naye hakumbuki kuliumiza. Anatoka uani bila kunawa uso, anaitwaa baiskeli yake ukutani, anapanda, na usukani unayumba mpaka kaka mtu anacheka, anakuja nyuma na kushika karia kwa mikono miwili. Kama zamani, anasema, usiogope, nimekushika. Nkwimba anageuka. Kitambaa kimelegea, kinaning'inia kwenye kifundo cha mkono. Jeraha halipo. Kidole gumba ni cha bluu mpaka kwenye ukucha.

Kaka, anasema, mbona umekula kwa kijiko?

Si nimekwambia nimejikata.

Umeweka dole gumba kwenye karatasi ya baba mdogo, kwamba nyumba ni yake.

Mayunga anaangalia ardhi. Walikuja asubuhi, anasema, baba mdogo na wenzake wote, nilikuwa peke yangu. Nilitaka kukwambia njiani.

Nkwimba anasubiri aamke, kwa sababu kidole hiki amekiona kule, na kama yeye yuko kule ndotoni bado basi kaka yake yuko hapa, mzima, na kidole kisafi, anamsubiri. Haamki. Moyo unamuuma vilevile, huku au kule. Niachie, anasema. Utaanguka, mdogo wangu, nimekushika. Najua umenishika, anasema Nkwimba, ndiyo maana nakwambia niachie. Karia inakuwa nyepesi. Kikao kiko kulia, atakwenda akaseme mwenyewe maneno ya mama. Anakata usukani kulia, na anaangalia gurudumu la mbele, kuona litakwenda upande gani.