Mfupa Uliozidi

Kila asubuhi, baada ya uji, Antoinette aliketi kitandani katika wodi ya mifupa mjini Kasulu, akachukua spana ndogo na kuzungusha nati za vyuma vilivyouzunguka mguu wake. Bodaboda iliyopakia magunia ya mkaa ilikuwa imemwangukia katika kambi ya wakimbizi alikoishi, ikasaga kipande cha muundi, pakabaki pengo. Daktari Isihaka aliukata mfupa uliobaki mzima juu ya pengo hilo na kumweleza kwamba ukivutwa polepole kwa nati hizo, utaota wenyewe.

"Kama muhogo," alisema Antoinette.

"Kama muhogo, mama."

Mfupa ukaota. Ukajaza pengo, na ulipolijaza haukukoma. Ulichomoza kwenye tundu la chuma, mweupe, bila damu. Daktari alinawa mikono, akaukata kwa msumeno, akauhifadhi kwenye friji. Ukaota tena.

"Unauma?"

"Hapana, Dokta. Iko nawasha tu."

Wodi ilikuwa imejaa waliovunjika. Antoinette aliulizwa kama angekubali kuwagawia, akakubali kabla swali halijaisha. Kipande kiliingia kwenye paja la Ininahazwe, mkulima wa Heru Juu aliyekwisha kuambiwa hatatembea tena. Kingine alipewa Mwanahawa, muuza vitenge wa Kibondo. Kingine alipewa Khatibu, mlinzi wa geti la kambi, aliyeanguka na pikipiki. Vyote vilishika. Siku Ininahazwe alipoacha magongo yake ukutani na kutoka kwa miguu yake mwenyewe, wagonjwa wote waligonga vikombe kwenye vitanda mpaka wapishi wakaja kuchungulia.

Alasiri ile Antoinette, akiwa amelala kitandani, alimwambia muuguzi Reine, "Niko napanda mulima. Kuko matope."

"Heru Juu kulinyesha jana," alisema Reine, akaendelea kumpima joto.

Tangu akimbie Kongo, Antoinette hakuwa ameona chochote zaidi ya kambi na barabara ya hospitali, kwa kuwa mkimbizi hatoki bila kibali. Sasa, palepale kitandani, alizunguka soko la Kibondo kwa mguu wa Mwanahawa, akazijua kona zake zote. Mwanahawa alipoalikwa harusini Kakonko, Antoinette alicheza mpaka shuka zikaanguka sakafuni, na wenzake wakampigia makofi.

Vyuma vilipotolewa, mfupa uliacha kuota. Daktari alimsindikiza hadi kwenye gari la wagonjwa la kumrudisha kambini.

"Umesimamisha watu watatu, mama," alisema.

"Na bado niko nasimama mwenyewe," alijibu Antoinette, akapanda bila kushikwa mkono.

Wakati wa mavuno, Ininahazwe alimpigia simu aje Heru Juu wale maharage mapya pamoja. Antoinette alivaa kitenge kipya, akaenda getini. Khatibu alikuwa amesimama wima kwa miguu yote miwili.

"Mguu unasemaje?" alimuuliza.

"Mzima kabisa, mama. Mungu akubariki. Kibali?"

"Sina. Walikatala tena."

"Basi rudi, mama."

Antoinette akarudi. Aliketi mlangoni pake, akamwaga maharage ya mgawo kwenye ungo, akaanza kuchambua. Jioni zamu ya Khatibu ilipokwisha, mlinzi aliaga wenzake, akavuka geti kuelekea kwake. Antoinette, mikono ikiwa bado kwenye ungo, akavuka naye.